Zulia juu ya zulia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwa nyumba za Unguja na Pemba

Kazi yangu ni mapazia na matakia, lakini sijawahi kupima dirisha la mtu nisiulizwe habari za zulia. Mwenye nyumba ananishikia futi kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili anainua ncha ya zulia: "Hebu nambie, hili nikilipandisha juu ya lile itakuwaje?" Maswali yenyewe ni yale yale, kwa hiyo nimeyaweka pahala pamoja. Majibu ni ya visiwani kwetu, kwenye unyevu na mchanga. Ya nchi za baridi yana watu wake.

## Mambo ya mwanzo

1. Kupandanisha mazulia ndiyo nini hasa?

Ni kutandika zulia dogo juu ya kubwa, au juu ya kapeti lililoenea chumba kizima, kwa makusudi, na yote mawili yaonekane. Vijana wanaliona simuni wakadhani limekuja juzi. Nenda kwenye khitma yoyote ya shamba: jamvi linatangulia, mkeka unapanda juu, kisha pembeni walipo wazee kinaongezwa kigodoro. Tabaka tatu hizo, na hakuna aliyeziita fasheni.

2. Zulia, kapeti, busati, jamvi, mkeka: mnanichanganya. Lipi ni lipi?

Kila mtaa una maneno yake, kwa hiyo nieleze ninavyoyatumia hapa. Zulia ni la kitambaa au manyoya, lina kingo zake, linaviringishwa na kuhamishwa. Kapeti ni lile linalonunuliwa kwa mita na kuenea ukuta kwa ukuta, liwe la nyuzi au la plastiki. Busati kwangu ni lile jepesi la kufumwa, la kutandika na kukunja. Jamvi ni la miyaa, limesukwa pana na gumu. Mkeka ni wa ukindu, laini zaidi, aghalabu umetiwa rangi.

3. Kwa nini nitandike mawili wakati moja linatosha?

Kama moja linatosha, tandika moja. Wanaonufaika na mawili ni wale waliopanga nyumba yenye kapeti lililobandikwa ambalo hawana ruhusa ya kuling'oa. Wale wenye kapeti zima bado lakini limechakaa katikati, njia ya miguu. Na wale wanaokaa chini, wanaotaka pahala palipo laini bila ya kununua zulia nene la chumba kizima. Wako pia wenye vyumba vya umbo gumu (swali la 5).

Sababu moja siikubali: kufunika harufu au unyevu. Hapo unauficha tu mpaka ukue. Soma swali la 10 kabla hujatoa pesa.

## Vipimo, unene na rangi

4. La juu liwe na ukubwa gani?

Liwe kama theluthi mbili za la chini, au liache futi moja hadi moja na nusu kila upande. Likikaribiana mno na la chini, mtu ataona zulia lililokosewa kukatwa. Likiwa dogo mno linaelea katikati kama leso iliyodondoka.

Tuchukue ukumbi wa futi 12 kwa 12, yaani kama sentimita 365 kila upande, wenye kapeti zima. Vipimo vinavyopatikana sana madukani ni sentimita 160 kwa 230 na 200 kwa 290. La 160 kwa 230 litabeba meza ya katikati na miguu ya watu waliokaa. La 200 kwa 290 litafika mpaka chini ya miguu ya mbele ya makochi, na mimi napenda hivyo, kwa sababu kochi linalikalia zulia na kulizuia lisitembee.

Kabla ya kununua, toa doti ya kanga. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Zikate, zitandike mbili sambamba, ubavu kwa ubavu: unapata 150 kwa 220, karibu sawa na lile la 160 kwa 230. Ziache sakafuni siku nzima, watu wapite, mlango ufunguliwe na kufungwa. Kanga zimeniokoa na hasara mara nyingi kuliko futi.

5. Ukumbi wangu wa Mji Mkongwe ni mrefu na mwembamba. Kila zulia halikai.

Umbo hilo limetoka kwenye boriti. Nyumba za mawe na chokaa zilijengwa dari zake zikibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali: mita mbili na nusu, tatu na kitu. Ndiyo maana chumba kinaweza kuwa na urefu wa mita saba na upana usizidi tatu. Zulia la 200 kwa 290 ukiliweka kwa urefu linaacha nusu ya chumba uchi. Ukiliweka kwa upana linagonga kuta.

Hapa kupandanisha ndiyo dawa yake. Chini tandika kitu kimoja kirefu, kapeti jembamba la kukatwa kwa mita au majamvi mawili yaliyounganishwa, kitakachopita chumba chote. Juu yake weka mazulia madogo mawili, si moja: moja penye makochi, moja mwisho wa pili penye meza ya kulia au matakia ya chini. Kati yao acha nafasi ya kupita ambayo jamvi litaonekana. Chumba kinakuwa viwili bila ya ukuta.

Na hilo la chini usilifikishe ukutani. Kuta zile hazikunyooka, na ukingo wa zulia ulionyooka utamwonesha kila mgeni pale zilipopinda. Acha shibiri moja.

6. Lipi liwe nene, la chini au la juu?

Jembamba chini, nene juu. La chini likiwa la manyoya marefu, la juu halina pa kushika: linajikunja, linapanda mawimbi, na meza juu yake inacheza. Njia yangu ya kupima ni kikombe cha chai kilichojaa juu ya meza. Mwambie mtu apite kando kwa mwendo wa kawaida. Chai ikimwagika kwenye kisahani, la chini ni nene mno.

7. Rangi na maua je?

Moja liseme, jingine linyamaze. Zulia jekundu la maua ya Kiajemi juu ya kapeti la rangi ya mchanga ni sawa. Juu ya kapeti la maua mengine ni ugomvi. Kama lazima yote mawili yawe na nakshi, basi moja liwe na nakshi kubwa na jingine ndogo, na wawe na rangi moja wanayochangia. Na nitoe langu la moyoni: kijivu juu ya kijivu, kama picha zinavyotuhimiza, kwenye nyumba zetu zenye kivuli na madirisha madogo hufanya ukumbi uonekane kama mvua inataka kunyesha.

## Mikeka na majamvi

8. Mkeka juu ya zulia, au zulia juu ya mkeka?

Jamvi au mkeka chini, zulia juu. Ukindu unataka pahala pagumu. Ukiutandika juu ya kapeti laini, kila hatua inaukunja kidogo, na baada ya miezi utaona chane zimekatika kwenye mstari wa njia, kwanza pale mashupatu, yaani zile tepe za msuko zinazoshonwa pamoja kuwa mkeka, yalipoungwa. Kisigino cha kiti ndiyo kabisa: kinatoboa.

Ukiwa chini, mambo yanageuka. Jamvi ni gumu kiasi, halimezi zulia la juu, na kati ya msuko na sakafu inapita hewa. Mchanga nao unachuja ukashuka chini badala ya kubaki kwenye nyuzi. Kwa sakafu ya saruji ya nyumba ya shamba sijaona tandiko la chini lililo bora kuliko jamvi. Ila kwenye marumaru jamvi linateleza, kwa hiyo kwanza soma swali la 13.

Mkeka mzuri wa Pemba, ule wenye zambarau na kijani uliosukwa kwa mashupatu membamba, usiufiche chini ya kitu chochote. Nilimkuta Bi mmoja huko Wete ameufunika wake kwa zulia la manyoya ya kiwandani, anasema "usichafuke." Tuliubadilisha palepale: zulia likaenda chumbani, mkeka ukatandikwa peke yake kwenye sakafu tupu, na matakia manne ukutani. Alikaa akautazama kama aliyeletewa mgeni.

Na mkeka unaviringishwa, haukunjwi kama shuka. Ukikauka mno kwa jua, nyunyiza maji kidogo kabla ya kuuviringisha usije ukavunjika.

9. Rangi ya mkeka itachafua kapeti langu jeupe?

Huenda. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kibane juu ya rangi iliyokolea kwa dakika mbili. Kikitoka na rangi, usiuweke mkeka huo karibu na kitu cheupe, kwa sababu miguu yenye maji ya udhu itafanya kazi hiyo hiyo kila siku mara tano. Fanya hivyo na zulia jekundu jipya pia.

## Unyevu

10. Mbona mazulia yangu yananuka kila masika?

Nikupe yaliyonifika mimi. Nilikuwa na zulia jeupe la manyoya, nililipenda kupita kiasi, nikalitandika chumbani juu ya kapeti la nyuzi, kwenye ukuta unaopakana na choo. Tangu Machi mpaka mwisho wa Mei sikuliinua. Siku niliyoliinua, ncha ilikuja kwa sauti, kama unabandua plasta. Chini palikuwa na mchoro mweusi wenye matawi uliofuata mshono wa kapeti, na harufu ya dafu lililosahauliwa. Nililifua mara tatu. Liliishia bandani kwa kuku.

Zulia likilala juu ya jingine, hewa ya katikati haina pa kwenda. Unyevu wa hewa kwetu hupita asilimia 70 miezi mingi ya mwaka, na masika huzidi. Kuvu wanataka unyevu, chakula na utulivu. Watu husema zulia la kiwandani, la polipropilini, haliozi. Nyuzi zenyewe kweli haziozi, lakini vumbi, makombo na jasho la nyayo lililomo ndani yake ni chakula, na mengi yana mgongo wa juti ambao unanyonya maji.

Ukiona kuvu kidogo, toa yote mawili nje, funga pua na mdomo, yapige brashi kavu, futa kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kisha anika pande zote mbili. Dawa ya kung'arisha nguo itakula rangi kabla ya kula kuvu. Ikiwa kuvu wameingia mpaka mgongoni, achana nalo.

11. Nitajuaje kama unyevu unatoka sakafuni au hewani?

Bandika kipande cha nailoni cha futi moja na nusu kila upande juu ya sakafu tupu, uzibe kingo zote nne kwa gundi ya utepe, ukiache usiku na mchana. Matone yakiwa chini ya nailoni, sakafu yenyewe inatoa maji. Yakiwa juu, ni hewa ya chumba. Kama ni sakafu, jambo la kawaida kwa nyumba za chini za mawe, usipandanishe chochote hapo: jamvi peke yake, la kuinuliwa. Kama ni hewa, fungua madirisha na uendelee na swali la 12.

12. Niyainue mara ngapi?

Masika, kila wiki. Kiangazi na kipupwe, kila wiki mbili au tatu. Kuinua ni kulikunja la juu mpaka nusu asubuhi, kuwasha pangaboi saa mbili tatu, kisha nusu ya pili.

Kutokana na hilo nina sharti ambalo wateja hulisikia kabla ya bei: la juu liwe zulia ambalo anayebaki nyumbani mchana anaweza kuliinua peke yake. Ikiwa ni bibi wa miaka 70, basi liwe jepesi kiasi chake. Zulia linalongoja mtoto wa kiume arudi kazini ndiye aliinue, haliinuliwi.

## Kuteleza na kujikwaa

13. La juu linatembea. Nalirudisha asubuhi, jioni liko mlangoni.

Pitisha kiganja juu ya kapeti la chini. Upande mmoja ni laini, upande mwengine unakwaruza: nyuzi zimelala. Kila hatua inalisukuma la juu kufuata nyuzi zilikolalia. Kwanza ligeuze la juu nusu mzunguko. Wakati mwengine nyuzi za yote mawili zikipingana, safari inakwisha. Pili, liwekee uzito: miguu ya mbele ya kochi, au meza.

Ule wavu wa mpira unaouzwa kuzuia kuteleza umetengenezewa sakafu ngumu. Juu ya marumaru, chini ya jamvi au zulia, unafaa sana. Kati ya zulia na kapeti haushiki kitu.

Ninachofanya mimi ni kulipiga bandi. Sindano ya mkeka, uzi mnene wa rangi ya zulia, mishono mitatu mirefu kila pembe, kupita kwenye la chini. Siku ya kuinua unaikata kwa mkasi, jioni unaipiga tena. Ni kazi ya dakika kumi na inashinda gundi zote nilizojaribu, ambazo zinaacha utando unaokusanya vumbi. Kama la chini ni la mwenye nyumba, piga bandi kwenye nyuzi za juu tu, usitoboe mgongo.

14. Tuna mzee nyumbani. Kuna hatari?

Ipo. Ukingo wa zulia la juu ni ngazi ndogo isiyoonekana, hasa usiku. Usipandanishe kitu kwenye njia ya kutoka kitandani kwenda chooni, wala mbele ya kizingiti. Ikiwa mzee anaburuta miguu au anatumia mkongojo, ukumbi mzima ubaki na tabaka moja.

15. La chini ni kapeti la plastiki. Kuna ubaya?

Angalia mgongo wa zulia la juu. Mpira na plastiki ya kapeti havipatani: vikilaliana muda mrefu plastiki inageuka manjano, na doa hilo halitoki kwa sabuni wala jiki lolote, kwa sababu si uchafu. Hata wavu wa mpira hufanya hivyo. Chagua zulia lenye mgongo wa kitambaa au juti, na liinue sana, maana plastiki haipumui.

## Kuishi nayo

16. Sisi tunakula chini. Mchuzi je?

Tandika busati la plastiki au mkeka wa chakula juu ya yote, sinia likae hapo, kisha uutoe. Mwezi wa Ramadhani mimi huondoa zulia la juu kabisa mpaka Idi; futari ya watu kumi na zulia la manyoya ni mtihani usio na thawabu.

Mchuzi ukimwagika, kwanza inua la juu upesi ili usishuke. Bana kwa kitambaa kikavu, usisugue, halafu maji baridi na sabuni kidogo. Umanjano wa bizari utabaki. Usihangaike nao: anika doa juani. Rangi ya manjano haistahimili jua, inafifia siku mbili tatu wakati vitu vyengine vyote vimeshindwa.

17. Naweza kufukiza udi juu ya zulia?

Chetezo kikae kwenye sinia la madini, na sinia kwenye sakafu tupu. Polipropilini inayeyuka kwenye joto la kama nyuzi 160, na kaa la moto lina joto la mara kadhaa ya hilo. Cheche moja inatoboa la juu na kulishikisha na la chini kama limechomewa.

18. Mtoto akikojoa juu, la chini nalo lina najisi?

Inua utazame na uguse. Kama majimaji hayakufika, la chini halikuguswa. Kama yamefika, yote mawili yaoshwe kwa maji, na kwa shaka zaidi muulize shekhe wako, si mshona mapazia. Upande wa sala, tabaka nene laini zinafanya kipaji kielee wakati wa kusujudu. Sali penye tabaka moja.

19. Lini niyafue?

Kipupwe, Juni mpaka Septemba, kusi linapovuma na mvua zimepungua. Wengi hufua kabla ya Ramadhani, ambayo kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi na moja, kwa hiyo miaka mingine inaangukia kwenye mvua. Hapo fua la juu tu. Likauke pande zote mbili, hata siku tatu. Gusa mgongo, si manyoya. Mnaokaa ghorofa za Michenzani bila ya uwa, lipeni wanaofua, lakini muulize litaanikwa wapi kabla ya kuuliza bei.

20. Tunakaa pwani, mchanga hauishi.

Mchanga unaobaki kati ya mazulia mawili unakata nyuzi kama msasa. Weka zulia la usumba mlangoni, viatu vibaki nje, na kila unapoinua, fagia la chini na sakafu pia. Ufagio wa chelewa ni wa jamvi. Kwenye zulia la nyuzi unang'oa.

21. Naweza kupitisha waya wa umeme katikati, usionekane?

Hapana. Waya unakanyagwa, ganda linapasuka, joto halitoki. Upitishe ukutani.

22. Nimeondoa zulia la juu na kapeti limebakia na mashimo ya miguu ya meza.

Weka kipande cha barafu kwenye kila shimo, kiyayuke, kisha zinyanyue nyuzi kwa uma au kwa vidole. Tofauti ya rangi, pale jua lilipofika na pale lisipofika, haina dawa. Geuza la juu kila miezi mitatu ili walau lififie sawasawa.

23. Na matatu je?

Jamvi, zulia, msala. La tatu linakunjwa sala ikisha.